Jana ni lini? Kuandika skripti inayokubaliwa na kila mashine

Ofisi ninayoitunzia kompyuta hapa Mji Mkongwe hukusanya hesabu za nyumba za wageni za Unguja na Pemba, na vifaa vyake vilinunuliwa kidogo kidogo, kwa kadiri fedha ilivyopatikana. Seva inatumia mfumo wa Debian, mhasibu anafanyia kazi Mac, nakala za akiba huhifadhiwa kwenye mashine yenye mfumo wa FreeBSD, na kule Chake Chake ipo ruta ndogo yenye mfumo wa OpenWrt ambayo nayo imepewa kazi ya kutuma faili usiku. Zote zina /bin/sh, yaani sheli, programu inayozisoma amri zilizoandikwa kwenye faili la skripti na kuzitekeleza, lakini aliyejificha nyuma ya jina hilo si mmoja. Kwenye Debian ni dash. Kwenye ruta ni ash ya BusyBox, mkusanyiko wa zana za amri kwa mashine ndogo. FreeBSD ina sheli yake yenyewe ya ukoo huohuo wa ash. Na Mac imebaki na sheli ya Bash 3.2, kwa kuwa Bash 4 ilipotoka mwaka 2009 ilikuja na leseni ya GPLv3, na Apple haikuichukua.

Kinachoziunganisha ni kiwango cha POSIX, kanuni za pamoja za mifumo ya aina ya Unix. Skripti inayoanza na #!/bin/sh inapaswa kujifunga na kiwango hicho tu: isiwe na mabano pacha ya [[, isiwe na safu (array, yaani orodha ya thamani chini ya jina moja), na ulinganisho ndani ya [ uandikwe kwa = moja badala ya mbili. Hatari ni kwamba Mac haikukemei, kwani sh yake ni Bash iliyovaa nguo nyingine. Skripti hupita salama mezani kwako, kisha hukwama ikifika Pemba. Mtu anayehitaji safu kwelikweli, naona ni afadhali aandike waziwazi #!/usr/bin/env bash (FreeBSD huiweka Bash ndani ya /usr/local/bin, kwa hiyo njia ya /bin/bash haifai huko) na akubali kwamba ruta haitaiendesha hadi Bash isakinishwe.

Hata hivyo, sarufi ya sheli ndiyo sehemu nyepesi, maana programu ya ShellCheck huyabaini makosa mengi ya aina hiyo. Ugumu hasa uko kwenye zana zinazoitwa na skripti.

Chukua tarehe ya jana, ambayo kila ripoti yetu ya usiku huihitaji. Kwenye Debian utaandika date -d yesterday. Kwenye Mac na FreeBSD utaandika date -v-1d. Date ya BusyBox inayo -d, lakini hailielewi neno yesterday. Wengi hutatua jambo hili kwa kuuliza kwanza jina la mfumo kwa amri ya uname, kisha kuandika tawi kwa kila jibu. Njia hiyo inafanya kazi, ila kila mashine mpya inadai tawi jipya. Mimi ninatumia hii:

TZ=EAT+21 date +%Y-%m-%d

TZ huiambia date ifuate majira gani, na katika POSIX alama za majira zimegeuzwa: sisi tulio saa tatu mbele ya Greenwich huandikwa EAT-3, na alama ya kujumlisha ni ya walio magharibi. Ukiiambia date kwamba uko saa 21 nyuma ya Greenwich, umerudi saa 24 kamili kutoka majira ya Zanzibar, na tarehe inayotoka ni ya jana. Mashine zote nne zinakubali. Hila hii inatufaa kwa sababu hatubadilishi saa kwa misimu, na kwa sababu tuko mashariki. Mtu wa New York angehitaji kuandika +29, ilhali POSIX inaishia 24.

Zana nyingine ya namna hiyo ni sed -i, inayobadilisha maandishi ndani ya faili lenyewe. Toleo la GNU, lililo kwenye Debian, hukichukua kiambishi cha nakala (mwisho wa jina la nakala ya faili la awali, kama .bak) kikiwa kimeshikana na -i, au bila kiambishi kabisa; sed ya Mac na FreeBSD hulazimisha kiwepo, hivyo ukiandika sed -i 's/a/b/' faili, huihesabu amri yako kuwa ndiyo kiambishi na kulisoma jina la faili kana kwamba ni amri. Kuandika sed -i.bak kunakubalika pande zote, japo POSIX haiitambui -i hata kidogo. Kwa faili za hesabu ninapendelea kuandika matokeo kwenye faili la muda, kuhakikisha si tupu, kisha kuyarudisha kwa cat muda > asili, kwa kuwa mv, amri ya kuhamisha faili, ingeweza kubadilisha mwenye faili na ruhusa zake.

Kuhusu echo, amri ya kuchapisha maandishi, sina maneno mengi: -n na alama ya mkwaju-nyuma hufasiriwa tofauti kutoka sheli hadi sheli, basi tumia printf.

Kabla skripti haijavuka bahari, huipitisha ShellCheck, kisha huiendesha kwa dash na kwa busybox sh papo hapo kwenye seva. Busybox ya Debian hupatikana kwa kifurushi kimoja kidogo, na huonyesha mapema mengi ambayo ruta ya Chake Chake ingeyakataa usiku. Sed na date za Mac haziigiki kwa njia hiyo. Kwa hizo, humwomba mhasibu anipishe kidogo mezani kwake.