Siku moja maishani mwangu: kisu mkononi, Kajulu asubuhi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Makaa yameshika, chai iko jikoni. Nina hoteli ndogo hapa Kondele, mjini Kisumu, na wateja wangu wengi hufuata samaki. Namwachia mpwa wangu mandazi, natoka kutafuta boda.

Saa moja. "Mathe, leo ni majani tena?" Kijana wa boda keshanizoea. Tunapita Mamboleo, tunaingia Kajulu, ambako kikundi cha akina mama kina shamba la viungo. Unaingia na kisu chako, unakata unachotaka, unalipa kwa fungu ukitoka. Tunangoja umande ukauke kwanza, maana majani yakikatwa yamelowa huoza upesi. Tena usichelewe: jua likiwa kali, utafika na majani yaliyolegea.

"Karibu nyathina, mwanangu, dania kata ile ya kivulini," anasema bibi msimamizi, ambaye sote tunamwita Dani. Kisumu iko chini, kama mita 1,130 tu juu ya usawa wa bahari, na joto letu huifanya dania ikimbilie maua kabla hujaila. Ndiyo maana tuta moja limefunikwa neti, na mbegu mpya humwagwa kila baada ya wiki chache. Iliyokwisha kuchanua haing'olewi. Huachwa ikomae, mbegu zikauzwa kwa wapishi wa pilau.

Kwenye mrehani ndipo mgeni hujulikana. Atachuma majani makubwa ya chini, mmea ubaki kijiti. Kata ncha, juu kidogo ya kifundo penye vichipukizi viwili. Hapo yatatoka matawi mawili. Maua Dani huyanyofoa kwa kucha bila hata kuangalia, huku akinipa habari za mjukuu wake aliyeko Nakuru. Minti wameifungia ndani ya matairi mabovu, la sivyo ingetambaa shamba zima. Mchaichai naukata karibu na ardhi, mkono nimeuzungushia gunia, kwa sababu kingo zake ni wembe.

Saa mbili na nusu nalipa. Nikipiga hesabu pamoja na nauli, soko la Kibuye ni nafuu, sikatai. Lakini dania ya sokoni mara nyingi imelala usiku mzima ikinyunyiziwa maji, na ukiikata hainukii kitu.

Saa nne. Dania na minti nasimamisha kwenye makopo ya maji. Mrehani nao huenda majini, ila kwenye friji hauingii kamwe, baridi huufanya mweusi. Shina jeupe la mchaichai nalipondaponda, nalijaza tumboni mwa samaki pamoja na tangawizi na ndimu. Majani yake ni ya birika.

Saa saba, hoteli imejaa. Makanika mmoja anachungulia sahani ya mwenzake. "Mama, mimi usiniwekee majani, mimi si mbuzi." Namletea samaki wa nyanya na kitunguu, kama kawaida. Mwenzake anaomba aongezewe mchuzi. Makanika anachovya ugali humo mara mbili, akidai anaonja tu.

Saa kumi na mbili jioni. Dania imekwisha. Dani anapiga simu: Kajulu mvua imenyesha, matuta ni tope, kesho nisije kabla ya saa tatu. Nampigia kijana wa boda kumwambia alale.