Ruta usinunue kwa kuhesabu antena

Ukienda Kariakoo kuulizia ruta ya kusambaza waifai, muuzaji atakutolea kwanza yenye antena nyingi, maana ndo zinazopandisha bei. We igeuze usome stika ya chini. Matundu ya waya yakiandikwa 10/100, hata ukiletewa fiba ya Mbps 200 haitapita 100, yani unalipia spidi isiyoingia ndani, tafuta yenye matundu ya gigabiti, yani 10/100/1000. Halafu iwe na bendi (masafa ya waifai) zote mbili, 2.4 GHz inafika mbali na inapenya ukuta ila majirani wote wamejazana humo, 5 GHz ina kasi lakini ikikutana na ukuta wa zege inalegea, kwa hiyo kama nyumba ni ndefu vuta waya tu uweke akses pointi (kifaa cha kurusha waifai) chumba cha mbali, zile ekstenda za kuchomeka ukutani, zinazodaka waifai na kuirusha tena, mi sizipendi, nyingi zinakata spidi karibu nusu.

Kwa kaduka au saluni inayotaka kuuza vocha za waifai mi naenda na ruta za kampuni ya MikroTik. Ile modeli yao ya hAP lite inatosha kuanzia japo ni 2.4 tupu, na inatumia umeme wa USB volti 5, tanesko wakikata unachomeka kwenye pawabenki maisha yanaendelea. Kuiseti sasa, menyu zake si za mchezo, mlipe fundi. Na kompyuta yako ya mauzo isikae netiweki moja na wateja jamani!

Ruta za kuweka laini ya simu je? Hakikisha haijafungwa mtandao mmoja, muuzaji aweke laini nyingine mbele yako ndo utoe hela.