Gunia la kwanza lilinifikia likiwa la moto

Wenzangu mlio mbali, mnaoyakumbuka mashamba ya chai kama nilivyoyakumbuka mimi, nawaandikia habari za magunia.

Mnakikumbuka kikapu mgongoni. Jani lilikaa humo limelegea, linapata hewa, na mama zetu walikuwa wakali: ukilishindilia, unachapwa. Miaka 11 niliyokaa ughaibuni nikiuza chai dukani kwa watu, kila mteja aliyenipa dakika mbili nilimsimulia kikapu kile. Nikarudi na akiba yangu yote kuanzisha chai yangu mwenyewe, ya kusokota kwa mkono, peke yangu.

Gunia la kwanza la majani lililetwa na mama mmoja mkulima saa tisa alasiri. La nailoni, limeshindiliwa mpaka limekuwa gumu kama gogo. Nilitia mkono ndani nikautoa upesi. Moto! Majani ya katikati yalikuwa yameshakuwa mekundu kingoni, yananuka kama matunda yaliyovunda.

"Mama, vikapu vimekwenda wapi?"

"Mwanangu, kikapu kinabeba kidogo, na wanunuzi wanapima kilo tu. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama jani lina joto."

Sikuwa na la kumjibu.

Jani la chai likichubuka, utomvu wake hukutana na hewa na kuanza kugeuka rangi. Ndiyo njia ya kupata chai nyeusi, lakini mabadiliko hayo yaanze unapotaka wewe, baada ya kunyausha na kusokota. Ndani ya gunia yanaanza yenyewe, na joto linayachochea. Chai ya kijani usiiwaze kabisa, kwa sababu hiyo inataka jani zima lipigwe moto mapema kabla halijageuka. Nyeusi utapata, ila imepooza, haina harufu. Nilimlipa mama yule kilo zake zote 30, maana kosa halikuwa lake. Jani bichi kilo 4 na nusu hivi hutoa kilo 1 ya chai kavu, kwa hiyo mbele yangu zilikuwapo kilo 6 na ushee za chai. Nilizimwaga kwenye shimo la mboji, na nililia. Nililia kwa sababu nilitoka hapa nikijua kitu ambacho hapa wamelazimika kukisahau.

Sasa silisubiri jani mlangoni, nalifuata. Natoka alfajiri na matenga yangu, nachukua majani mawili na chipukizi tu, na kwa kila kilo nalipa zaidi ya wengine wanavyolipa. Wapo wanaosema naringa kwa kuwa nimetoka nje. Sawa.

Anayetaka kuifanya kazi hii peke yake asinunue jani linalozidi nguvu za mikono yake. Mimi kwa siku ni kilo 5 mbichi, basi. Natandaza jioni kwenye vichanja, usiku wa manane naamka kuligeuza, na baada ya saa 12 mpaka 18 nakunja bua: likikunjika bila kukatika, ni wakati wa kusokota, hata kama una homa, hata kama kuna msiba kwa jirani. Hapo ndipo upweke wa kazi hii unapouma, kuliko vibali na hesabu za vifungashio, ambavyo vinaweza kungoja kesho. Na usifungashe chai ambayo bua lake halivunjiki kwa mlio kati ya vidole. Unyevu ukibaki, ukungu utaingia na mteja hatarudi.

Juma lililopita mama yule alikuja tena. Safari hii hakuwa na gunia. Mgongoni alikuwa na kikapu cha zamani, kile kile cha enzi zetu, kitako chake kimeshonwa kwa nyuzi alizozichomoa kwenye gunia la nailoni. Alikitua, akasogea pembeni, akaniambia, "Tia mkono, mwanangu."