Nilivyowapata wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wakaanza kuandika

Mi nafundisha Kiswahili shule ya kata huku Muheza, na hili jambo limenihangaisha karibu mwaka mzima.

Mwanzo nilikuwa natoa insha kama tulivyopewa sisi zamani, kichwa ubaoni, maneno 250, alafu unakusanya madaftari hamsini yanayofanana, yote yanaanza "Ilikuwa siku ya Jumamosi jua likiwaka kwa hasira" na yote yanaishia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikawa nawaona wavivu tu. Sasa siku moja namrudishia binti mmoja daftari lake, kalifungua, kaona wino mwekundu ulivyojaa, kalifunga, hakusoma hata neno moja nililomwandikia! Iliniuma sana. Kumbe miaka yote nilikuwa nawafundisha kuogopa, na mtoto akiogopa kukosea ataandika kile alichokariri, basi.

Nikawaambia kila mtu alete daftari jingine, hata la mwaka jana lililobaki kurasa, hilo sitalisahihisha wala halina maksi. Ijumaa baada ya vipindi, dakika ishirini, andika kitu kimoja ulichokiona leo ukija shule, hakuna methali, hakuna fundisho. Wiki ya kwanza nikapata ratiba tupu, niliamka, nikapiga mswaki, nikavaa. Sikugomba, niliuliza tu, mama alikuwa wapi? Kasimama au kakaa? Alisema nini?

Wiki ya tatu yule yule binti akaandika hivi: "Mama akigeuza vitumbua haitikii salamu, midomo inacheza, anahesabu vya mkopo." Nikaomba ruhusa yake nikasoma kwa sauti, darasa likawa kimya kabisa, alafu wa nyuma akasema, madam, hata bibi yangu yuko hivohivo. Nilitamani kulia jamani.

Tangu hapo wakawa wanagombania kusoma. Kijana mmoja kaandika wapakia machungwa wanavyobishana stendi, akaniuliza kama inaruhusiwa kuandika wanavyoongea kweli, nikamwambia kwenye midomo ya watu iache ilivyo. Na mi mwenyewe naandika nao, nakaa dawati la nyuma, nikisoma changu wananiuliza maswali kama ninavyowauliza wao, nadhani hili ndo lilisaidia kuliko yote kwa sababu walishaniona na mimi nakwama, nafuta, naanza upya.

Wenzangu ofisini walisema mtihani hautaki hayo. Nikawajibu, mtihani wa kidato cha nne una utungaji, na mtoto aliyezoea kuandika kila wiki hakai nusu saa anatafuta sentensi ya kwanza. Niliwaeleza pia wanafunzi habari za Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, zile zilizotolewa mara ya kwanza Aprili 13, 2023, siku aliyozaliwa Mwalimu, wakashangaa kumbe kuna watu wanapewa heshima ya taifa kwa kutunga kwa Kiswahili hikihiki.

Vitabu vya hadithi bado ni vichache mno, vinapita mkono kwa mkono mpaka majalada yanachanika, na hilo kwa kweli linaniumiza. Ila yule binti wa vitumbua kamaliza daftari la pili, juzi kaja ofisini kuuliza kama nina lingine, nikachana kurasa nilizoandika kwenye la kwangu nikampa lililobaki.