Breki za Subaru kwa siku ya uwanjani: anzia kwenye chupa, si kwenye kalipa

Mtu akiamua kupeleka Subaru Impreza WRX kwenye uwanja wa mbio za magari, swali lake la kwanza huwa ni bei ya kalipa za Brembo, yaani vibanio vinavyokandamiza pedi juu ya diski. Ameruka hatua tatu, tena hizo tatu ndizo za bei nafuu.

Tupige hesabu kidogo. Gari la kilo 1,400, dereva akiwa ndani, likipunguzwa kutoka kilomita 180 kwa saa hadi 80 kabla ya kona, huzalisha joto la karibu megajuli 1.4. Breki za mbele zikibeba asilimia 70 ya kazi hiyo, diski moja ya mbele ya kilo 7 hupanda takriban digrii 150 kwa kukanyaga mara moja. Haijapoa, kona nyingine imefika. Kwa hiyo kinachokosekana uwanjani si nguvu ya kubana. Kama breki ulizonazo zinaamsha ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge) kwenye lami kavu, nguvu inatosha; kuanzia hapo kinachosimamisha gari ni tairi. Kinachokosekana ni pa kulipeleka joto.

Breki zikikugomea, mguu ndio utakaokuambia kilichoshindwa. Pedali ikilegea na kuzama kuelekea sakafuni, mafuta ya breki yamechemka: ndani ya kalipa kuna mvuke, na mvuke hubanika. Pedali ikiwa ngumu kama kawaida lakini gari linateleza tu mbele, pedi ndizo zilizopita kiwango chao cha joto. Wengi huchanganya haya mawili, wakanunua kalipa kwa tatizo ambalo lingemalizwa na chupa mbili za mafuta.

Basi tuanze na hizo chupa. DOT 4, daraja la kawaida la mafuta ya breki, inatakiwa isichemke chini ya digrii 230 ikiwa mpya, na 155 ikishanyonya maji. Na maji itanyonya, hasa ukikaa Mombasa, Tanga au Dar, ambako hewa yenyewe ina unyevu. Chupa iliyofunguliwa ikakaa rafuni miezi kadhaa haifai kwa kazi hii, hata kama imejaa. Kwa uwanjani, Motul RBF 600 huchemka kwenye 312 ikiwa mpya. Castrol SRF ni ghali, lakini hata ikiwa na maji inavumilia hadi 270. Nunua lita moja, utoe ya zamani yote. Na usidhani DOT 5.1 ni sawa na DOT 5: hiyo ya pili ni ya silikoni, isiingie kabisa kwenye mfumo huu.

Kutoa upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye mabomba ya breki, kunataka watu wawili. Mmoja ndani anakanyaga polepole na kushikilia, mwingine chini anafungua nipeli (skrubu ndogo ya kalipa ya kutolea hewa) robo mzunguko, mpira mwangavu ukiwa umezama kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Nipeli ifungwe kwanza ndipo mguu uachiliwe. Ukikosea mpangilio huo, hewa inarudi ndani. Kwa gari lililokula miaka, weka kipande cha ubao chini ya pedali isifike sakafuni. Masta silinda, pampu inayosukumwa na pedali, ina sehemu ambayo sili zake hazijawahi kuigusa. Mna kutu na uchafu humo, na ukizisukuma hadi huko zinachanika. Fundi atakwambia masta silinda “imekufa yenyewe”. Haikufa yenyewe. Mpangilio wa magurudumu fuata kitabu cha gari, maana mabomba ya Impreza yamegawanywa kimshazari.

Pedi ndiyo hatua ya pili, na hapa ndipo pesa inapofanya kazi zaidi. Pedi za barabarani huanza kuteleza joto likizidi. Za uwanjani huvumilia, lakini nyingi hazishiki vizuri asubuhi zikiwa baridi, hupiga kelele na hula diski. Gari linalokupeleka kazini Jumatatu litosheke na za katikati, kama Ferodo DS2500. Zikiwa mpya zizoeshe diski kwanza: mara 8 hadi 10 kutoka kilomita 100 hadi 20 kwa saa, barabara ikiwa tupu, bila kusimama kabisa, kisha endesha taratibu hadi zipoe. Ukisimama na mguu kwenye pedali zikiwa moto, pedi inaacha alama yake juu ya diski. Baadaye usukani unatetemeka, na watu wanasema diski imepinda. Mara nyingi haijapinda; ina mabaka ya pedi, au kutu iliyoachwa kwenye habu, pale diski inapokalia. Brashi ya waya kabla ya kufunga diski inaokoa mengi.

Diski zenyewe: chukua za kawaida au zenye mifereji. Zenye matundu zinapendeza maegeshoni, ila nyufa huanzia kwenye matundu hayo. Mipira ya breki iliyosukwa kwa waya wa chuma inasaidia pedali isiwe laini. Ukiifunga tumia washa mpya za shaba, mbili kwa kila boliti yenye tundu.

Hatua ya tatu ni upepo wa kupoza, nao husahaulika. Bomba la inchi 3 kutoka kwenye bampa lielekezwe katikati ya diski, pale mapezi ya ndani yanapovutia hewa. Likipuliza uso mmoja tu, upande huo unapoa kuliko mwenzake na diski inajikunja kama sahani. Nairobi jambo hili lina uzito zaidi: hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani, inabeba joto kidogo. Busta, kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga, nayo hutegemea shinikizo la hewa, hivyo gari lililozoea Mombasa litakuwa na pedali nzito kidogo likipandishwa huko. Hilo si ugonjwa.

Ukishafanya yote hayo na joto bado linakushinda, sasa tuzungumze kalipa. Za Subaru zenyewe, za pistoni nne na diski ya milimita 294, zinatosha watu wengi. Brembo za STI, Impreza yenye nguvu zaidi ya WRX, zinataka diski ya 326 mbele na 316 nyuma, na rimu kuanzia inchi 17. Ukinunua seti iliyotumika, uliza mwaka: STI kuanzia 2005 ina nati kwenye duara la milimita 114.3, WRX ya kizazi hicho ni 100. Breki ya mkono pia hukaa ndani ya diski ya nyuma. Ya STI ni milimita 190, ya WRX ni 170, kwa hiyo brekishu na sahani yake lazima vibadilike. Kubadilisha mbele peke yake huvuruga mgawanyo: mbele inafunga mapema, nyuma inapumzika, na gari linaweza kuchelewa kusimama kuliko awali.

Kwenye kufunga, angalia nipeli ziwe juu. Kalipa ya kushoto ikienda kulia inakubali kabisa kufungwa, ila nipeli inabaki chini na hewa inakwama juu. Mtatoa upepo hadi magharibi na pedali bado ni sifongo.

Siku yenyewe, zunguka dakika 15, kisha mzunguko mmoja wa kupoza bila kugusa breki isipokuwa lazima. Ukiegesha, tia gia, weka kigingi chini ya tairi, breki ya mkono iache. Pedi ikibaki chini ya milimita 5 au 6 ibadilishe hata kama barabarani ingekwenda miezi: ikiwa nyembamba hivyo, joto linapita moja kwa moja hadi kwenye pistoni. Ukitaka kujua joto halisi, paka ukingo wa diski rangi za kupimia. Kijani hubadilika kwenye 430, chungwa 560, nyekundu 610. Nyekundu ikishabadilika, rudi kwenye bomba la upepo kabla hujarudi dukani.