Kimbunga Kenneth na Nyumba za Magurudumu za Mikindani

Mwaka 2019 nilikuwa msimamizi wa kambi ndogo ya magari-nyumba kando ya ghuba ya Mikindani, kilomita kama 10 kabla ya kufika Mtwara mjini ukitokea Lindi. Wageni wengi walilala usiku mmoja au miwili, wakaendelea na safari ya Msumbiji kupitia Daraja la Umoja, lakini msimu ule tulikuwa na magari matatu ya wastaafu wa Kijerumani na Kiholanzi walioamua kuzimaliza kwetu siku 90 za viza zao. Walinieleza kwamba kwao kukaa hivyo ni jambo la kawaida, kwa kuwa kila baridi inapoanza wazee wengi wa Ulaya ya kaskazini huendesha nyumba zao hadi pwani za Uhispania na Ureno, wakakaa huko miezi kadhaa, na wenye kambi huwapunguzia bei kwa sababu ya kukaa muda mrefu.

Maisha ya gari-nyumba ni maisha ya kupima. Tangi la maji safi huwa la lita 100 hivi, na maji ya kuoshea vyombo huingia tangi jingine ambalo lazima limwagwe mahali palipoandaliwa. Choo kina kasha lake la kuchomolewa, nalo humwagwa kila baada ya siku chache. Kila asubuhi niliwakuta wakizungumzia mambo hayo kwa uzito ambao mama yangu aliwahi kuutumia kuzungumzia foleni ya kisimani, na nadhani ndiyo sababu majirani zetu wa Mikindani waliwaelewa upesi. Umeme tuliugawa kwa mita ndogo kila kiwanja, ili mwenye kuwasha kiyoyozi asimlipishe asiyekuwa nacho. Mitungi yao ya gesi haikukubali vichwa vya mitungi ya kwetu, mpaka fundi mmoja wa Mtwara alipowatafutia kiunganishi. Mama wa Kijerumani alipanda mchicha kwenye ndoo mbele ya mlango wake, akawa anawagawia wauza pweza waliopita, na watoto wa mtaani wakamzoea kwa shikamoo hadi akawa anaitikia marahaba kabla hajasalimiwa.

Katikati ya wiki ya mwisho ya Aprili, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba kimbunga Kenneth, kilichokuwa kikielekea Visiwa vya Ngazija, kingeikaribia pwani yetu. Hazikuwa zimepita wiki nyingi tangu kimbunga Idai kiangamize mji wa Beira nchini Msumbiji, hivyo hakuna aliyelichukulia tangazo hilo kama habari ya mbali. Alhamisi ya tarehe 25 shule na ofisi za Mtwara zilifungwa, na wakazi wa kando ya bahari wakaelekezwa kuhamia maeneo ya juu na majengo imara.

Bibi mmoja jirani yetu alikuja kambini alfajiri akiwa amejifunga kanga mbili. Alikuwa mtoto mdogo kimbunga cha Aprili 1952 kilipoipiga pwani hii ya kusini, na hakuja kusimulia hadithi. Alikuja kutazama magari yameegeshwa wapi. "Mwanangu," aliniambia, "waondoe wageni wako chini ya minazi. Mwaka ule ng'ombe wa baba hawakuuawa na maji, waliuawa na minazi."

Mtu hudhani kwamba nyumba yenye magurudumu huondoka mara tu mwenyewe anapotaka. Siku ile niliona ilivyokuwa imeota mizizi. Turubai la ubavuni lilikuwa limefungwa kwa kamba na vigingi, magurudumu yalikuwa juu ya vibao vya kusawazishia, maana jokofu lao la gesi halipozi vizuri gari likiinama, na mpira wa maji, nyaya, kamba za kuanikia nguo na ndoo za mchicha vilikuwa vimezunguka kila upande. Gari la Mzee wa Kiholanzi lilikataa kuwaka kabisa kwa sababu betri ya injini ilikuwa imelala, ikabidi tuazime nguvu kutoka pikapu ya mchuuzi wa samaki. Kisha likatitia mchangani. Mzee alipunguza upepo wa matairi, vijana wakakata makuti na kuyatandika mbele ya magurudumu, na watu waliokuwa na mizigo yao wenyewe ya kuhamisha wakaiweka chini wakaja kusukuma, huku mvua ikiwa imeshaanza.

Lilipotoka, Mzee hakuondoka. Alifungua mlango wa nyuma, akamwomba yule Bibi apande pamoja na wajukuu zake na magunia ya mpunga, na wenzake wawili wakafanya vilevile kwa familia nyingine mbili. Nilipanda gari la mbele kuonyesha njia ya kwenda juu. Kitanda cha wageni kilijaa watoto, na Bibi aliketi kwenye meza yao ndogo akiwa ameshika sufuria lake mapajani, akikataa katakata kulikabidhi.

Huko juu waliegesha pua za magari zikielekea upepo, wakafunga gesi, wakajaza matangi ya maji ili uzito ukae chini, na tukangoja. Jioni ile Kenneth iliingia nchi kavu kusini mwa mto Ruvuma, katika mkoa wa Cabo Delgado, ikavunja Ibo na Macomia, na mvua zake zikaifurikisha Pemba ya Msumbiji siku zilizofuata. Mtwara tuliponea. Furaha yetu ilikuwa na aibu ndani yake, kwa kuwa wengi wetu tuna ndugu ng'ambo ya mto, na usiku kucha simu zilipigwa bila kupokelewa.

Wageni walirudi kambini siku mbili baadaye, wakasawazisha magari yao upya kwenye uwanja wa wazi ulio mbali na ufuo. Tangu wakati huo sikumruhusu mgeni wa muda mrefu kuegesha chini ya minazi, hata alipoomba kivuli, na kila Ijumaa niliwataka wote wawashe injini kwa robo saa ili betri zisilale.