Simu ikienda, iende peke yake: ninavyojiandaa kabla ya safari

Ulinzi wa simu mimi huufanya wiki moja kabla ya kuondoka, nikiwa nimekaa mezani na chai yangu, kwa sababu nikishafika uwanja wa ndege kichwa hakina tena nafasi ya mambo hayo. Na lengo langu si kwamba simu isiibiwe kamwe. Simu huibiwa hata mikononi mwa mtu makini. Ninachotaka ni kwamba ikienda, iende peke yake: isiondoke na pesa zangu, barua pepe yangu, wala namba ambayo ndugu na jamaa wananipata kwayo.

Naanza na laini, maana hapo ndipo wengi huacha mlango wazi bila kujua. Unaweza kuwa umefunga skrini kwa alama ya kidole, lakini mwizi hana haja ya kuifungua. Anachomoa laini, anaipachika kwenye simu nyingine, na kuanzia dakika hiyo SMS zako zinaingia kwake. Anafungua ukurasa wa barua pepe yako, anabonyeza "nimesahau nenosiri", msimbo unatumwa, anaupokea yeye. Dawa ni PIN ya laini, ambayo ni tofauti kabisa na namba ya kufungulia skrini. Kwenye iPhone iko ndani ya mipangilio ya mtandao wa simu. Kwenye Android tafuta sehemu ya usalama, palipoandikwa kufunga SIM. Ukishaiwasha, laini ikihamishwa au simu ikizimwa na kuwashwa, inadai PIN kwanza.

Wengi huharibu hapa hapa. Mfumo utakuuliza PIN ya sasa, yaani ile iliyowekwa na kampuni ya simu, na mara nyingi imeandikwa kwenye kadi ya plastiki iliyoshikilia laini ulipoinunua. Usibahatishe. Ukikosea mara 3 laini inajifunga na kutaka PUK, yaani namba ya kuifungua tena laini, yenye tarakimu 8. Ukikosea PUK mara 10, laini imekufa, na kuirudisha namba yako ukiwa nchi ya watu ni shughuli pevu. Kwa hiyo PUK naiandika kwenye karatasi kabla sijagusa chochote. Na kama kampuni yako inatoa eSIM, yaani laini iliyo ndani ya simu yenyewe bila kadi, ni afadhali namba yako kuu iwe huko: hakuna cha kuchomoa.

Hatua inayofuata ni kuacha kutegemea SMS kwa misimbo ya kuingilia. Ukiwa nje ya nchi SMS huchelewa, na wakati mwingine haifiki kabisa. Tumia programu ya uthibitishaji, ile inayotoa tarakimu 6 zinazobadilika kila baada ya sekunde 30. Inapiga hesabu yake kwa kutumia saa ya simu, haihitaji mtandao, kwa hiyo hata kwenye hali ya ndegeni inafanya kazi. Ila angalia jambo moja: saa iachwe ijipange yenyewe. Mtu akifika nchi nyingine akavuta mishale ya saa kwa mkono bila kubadili ukanda wa saa, misimbo yote itakataliwa, naye atadhani amedukuliwa.

Sasa ukifanya hivyo umeziweka funguo zote ndani ya simu, na simu ndiyo tunayoogopa kuipoteza. Ndiyo maana karatasi ni lazima. Google hukupa misimbo 10 ya akiba, kila mmoja una tarakimu 8 na unatumika mara moja tu. Huduma nyingine nyingi nazo zina utaratibu unaofanana na huo. Naiandika kwa mkono, pamoja na PUK, namba za dharura za benki na za kampuni ya simu, na IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, ambayo unaipata kwa kubonyeza *#06#. Karatasi hiyo haikai mfuko mmoja na simu hata siku moja.

Halafu naifanyia majaribio, na jaribio hili nalithamini kuliko programu yoyote ya kuzuia virusi. Naiweka simu chumba kingine, nafungua kompyuta ambayo sijawahi kuitumia kuingia kwenye akaunti zangu, kisha najaribu kuingia kwenye barua pepe kwa kichwa changu na karatasi tu. Nikikwama, ni heri nimekwama nyumbani. Mara nyingi kinachokwamisha ni kitu kidogo: nenosiri limehifadhiwa kwenye kivinjari cha simu na mwenyewe hulikumbuki, au namba ya kurejeshea akaunti ni ya zamani.

Namba ya skrini nayo ina mambo yake. Ya tarakimu 4 ina uwezekano 10,000. Ya tarakimu 6 ina 1,000,000. Lakini wingi huo hausaidii kitu kama mtu amekupiga chabo. Wezi wa simu wa siku hizi huvizia hivi: mmoja anasimama nyuma yako kituoni, anaangalia vidole vinavyogusa skrini, kisha mwenzake anaikwapua. Wakiwa na namba hiyo wanaweza kubadilisha hata nenosiri la akaunti yako, ukabaki nje ya vitu vyako mwenyewe. Apple ilileta kinga dhidi ya hili Januari 2024 kupitia iOS 17.3, toleo la mfumo wa iPhone: mabadiliko makubwa yanadai uso au kidole, kisha kusubiri saa 1. Ichague ifanye kazi daima, si pale tu unapokuwa mbali na sehemu ulizozoea, maana hoteli uliyokaa siku nyingi simu inaweza kuihesabu kuwa ni nyumbani. Kwenye Android washa kinga ya wizi, ambayo huifunga skrini ikihisi simu imenyakuliwa kwa kasi. Na mimi mbele za watu hutumia kidole tu. Ikinilazimu kuandika namba, nageukia ukuta.

Zima pia maandishi ya arifa kwenye skrini iliyofungwa. Haina maana kufunga simu kwa namba ya tarakimu 6 halafu msimbo wa benki unasomeka juu ya kioo.

Kuna kitu kimoja hutakiona mpaka ukijaribu. Fungua picha zako, kwenye sehemu ya kutafuta andika "passport" au jina lako kamili. Simu nyingi sasa husoma maandishi yaliyo ndani ya picha, na utashangaa yanayojitokeza: pasipoti, kitambulisho, kadi ya benki pande zote mbili, nywila uliyoipiga picha ili usiisahau. Mwizi naye anaijua sehemu hiyo. Nakala ninayoihitaji naiweka kwenye folda inayofungwa kwa namba yake, zilizobaki nazifuta, kisha naingia kwenye pipa la picha zilizofutwa na kulimwaga, kwani kwenye iPhone hukaa humo hadi siku 30.

Njiani, kitu ambacho watu hukiogopa kupita kiasi ni Wi-Fi ya bure. Tovuti na programu nyingi leo husimba mawasiliano yake, yaani huyageuza yasisomeke na mwingine, kwa hiyo aliyekaa meza ya pili hasomi ujumbe wako hivihivi. Hatari yenyewe iko kwenye ukurasa unaofunguka unapojiunga. Ukiulizwa namba ya chumba na jina la ukoo, ni kawaida. Ukitakiwa nenosiri la barua pepe, namba ya kadi kwa mtandao unaodaiwa ni wa bure, au kupakua programu fulani, ondoka. Kivinjari kikitoa onyo kuhusu cheti cha tovuti, funga, usibonyeze "endelea". Ukimaliza, iambie simu iusahau mtandao huo, vinginevyo itaungana yenyewe na mtandao wowote wenye jina kama hilo. Kuchaji ni rahisi zaidi: beba kichwa chako cha chaja na waya wako, uchomeke kwenye umeme wa ukutani. Simu ikiuliza kama uruhusu data wakati wewe unataka chaji tu, kataa.

Kinachowamaliza wasafiri kweli ni ujumbe unaojua mambo yao. Umelipia chumba, na siku mbili kabla ya kufika inaingia meseji, pengine ndani ya programu ileile uliyotumia kuhifadhi nafasi: "Mgeni wetu mpendwa, kadi yako haijathibitishwa. Thibitisha ndani ya saa 12, la sivyo nafasi yako itafutwa." Jina lako lipo, tarehe zipo, hata aina ya chumba. Ndipo watu huingia mkenge, kwa sababu wanajiuliza tapeli angeyajuaje hayo. Jibu ni kwamba matapeli hudukua akaunti ya hoteli, si yako, kisha wanawaandikia wageni wote walio kwenye orodha. Kwa hiyo kujua habari zako si ushahidi wa chochote. Usibonyeze kiungo. Itafute namba ya hoteli mwenyewe, upige, uulize.

Ukitaka kukikagua kiungo, soma anwani kutoka kulia. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha urudi nyuma maneno mawili, au matatu kama anwani inaishia na kitu kama .co.tz au .co.ke. Kwenye anwani kama jinalahoteli.com.uhakiki-kadi.net/malipo, mwenyewe ni uhakiki-kadi.net, jina la hoteli limetangulizwa kama chambo tu. Njia hiyohiyo hukuokoa na tovuti za kughushi za viza na vibali. Kibali cha ESTA cha Marekani, kwa mfano, kinaombwa kwenye anwani inayoishia na .gov, na tovuti inayolipia tangazo inaweza kukaa juu ya ile ya serikali kwenye matokeo ya kutafuta.

Msimbo wa QR uliobandikwa kwenye mashine ya maegesho au mezani, upitishie ukucha ukingoni kwanza. Ukiinuka na chini yake kuna mwingine, huo wa juu si wa wenyewe.

Na tafadhali usiweke mtandaoni picha ya tiketi au kadi ya kupandia ndege. Ule msimbo wa herufi na namba 6 pamoja na jina lako la ukoo mara nyingi vinatosha kuifungua safari yako, na kuufunika kwa kidole hakusaidii kama mistari ya kuskani inaonekana, maana nayo imeubeba.

Nyumbani pia pana pa kuziba. Tapeli akijua uko mbali, atamwandikia mama au shangazi: "Nimeibiwa kila kitu, hii ni namba ya rafiki yangu, nitumie pesa." Tunakubaliana swali moja ambalo jibu lake halipo mtandaoni, na kila anayeombwa pesa analiuliza, hata sauti ikifanana na yangu. Kwenye WhatsApp washa uthibitishaji wa hatua mbili kwa PIN ya tarakimu 6 na uweke barua pepe yake; kisha badilisha namba ya siri ya kisanduku cha sauti (voicemail), au kizime kabisa. Msimbo wa WhatsApp unaweza kutumwa kwa kupigiwa simu, na usipopokea, huishia kwenye kisanduku ambacho watu wengi wameacha kinafunguliwa kwa 0000.

Gari la kukodi nalo hunakili majina na namba zako ukiliunganisha kwa Bluetooth. Kabla ya kurudisha ufunguo, ifute simu yako kwenye orodha ya gari.

Simu ikiibiwa, mpangilio wangu ni huu. Kwanza naifunga kwa mbali kwa kutumia kifaa cha mtu ninayemwamini. Ukurasa wa Apple wa kutafuta simu hukubali nenosiri bila msimbo wa pili, na kwa Google ndipo ile karatasi inapofanya kazi. Pili napigia kampuni ya simu ifunge laini. Tatu benki. Nne nabadilisha nenosiri la barua pepe na kuvitoa vifaa vyote vilivyoingia. Polisi nawapelekea IMEI baada ya hapo.

Siku chache baadaye huja SMS: simu yako imepatikana, bonyeza hapa uione ilipo. Ukurasa unafanana na wa Apple hadi rangi, lakini kazi yake ni kuchukua nenosiri lako ili walioiiba waweze kuiuza. Hata wakikutumia vitisho na kukubembeleza uitoe simu kwenye akaunti yako, usiitoe. Ikibaki kwenye akaunti yako, aliyenayo hawezi kuiwasha upya akaifanya yake.